Gari la Mita Tatu

Mwaka 1970 aliyetaka kuuza gari la kodi nafuu nchini Japani alikuwa na vipimo vya sheria asivyoweza kubishana navyo: urefu usizidi mita 3, upana usizidi mita 1.3, injini isizidi cc 360. Ndani ya vipimo hivyo watu wa Suzuki walitaka kuingiza gari la porini, lenye kuvuta magurudumu yote manne. Walibana huku, wakabana kule, na bado tairi la akiba likakosa pa kukaa. Kawaida ya magari ya jinsi hiyo ilikuwa kulibeba mgongoni, lakini likikaa mgongoni gari lilizidi mita 3 na nafuu yote ya kodi ilipotea. Basi wakaliingiza ndani, mahali ambapo angekaa abiria wa nne. Gari hilo, Jimny la kwanza, likatoka kiwandani na viti vitatu na urefu wa milimita 2,995. Zilibaki milimita 5.

Nalipenda tairi hilo kwa sababu linaonyesha mbunifu wa gari dogo anafanya kazi gani hasa. Mwenzake wa gari kubwa akikwama huongeza: nguvu, upana, chuma kizito zaidi. Wa gari dogo la bei nafuu kila asubuhi anaulizwa atatoa nini. Na kutoa kwenyewe si kazi. Hata mwizi wa vipuri anajua kutoa. Kazi ni kutambua kipi kikiondoka gari bado litapanda mlima, na kipi kikiondoka litabaki na sura ya gari la mlimani tu, kama mengi tunayoyaona yamepaki mbele ya mahoteli.

Wazo lenyewe halikuzaliwa Suzuki. Lilikuwa la Ono, mwenye kampuni ndogo iliyoitwa Hope. Mwishoni mwa miaka ya sitini alitoa gari lililoitwa HopeStar ON360, akiliwekea injini ya kununua kutoka Mitsubishi. Yalitengenezwa machache mno, mfuko ukamwishia, na mwaka 1968 Suzuki ikanunua haki zake. Aliyelisukuma jambo hilo ndani ya Suzuki ni Osamu Suzuki, ambaye baadaye aliiongoza kampuni kwa miongo kadhaa hadi uzeeni. Mafundi wao wakaitoa injini ya Mitsubishi na kuweka ya kwao: silinda mbili, ya kupozwa kwa upepo, ya mipigo miwili, ile inayochoma oili pamoja na petroli. Nguvu zake zilikuwa farasi 25. Hizo ni nguvu za bodaboda mbili na nusu, na ndizo zilizotakiwa kupandisha watu watatu na mzigo wao kwenye njia za msituni.

Ziliweza, kwa sababu gari zima lilikuwa na kilo zipatazo 600. Wepesi una tabia ya kuzaa nafuu nyingine. Gari likiwa jepesi, ekseli haihitaji kuwa nene. Ekseli ikiwa nyembamba, difu nalo linakuwa dogo. Na difu dogo halining'inii sana kuelekea chini, kwa hiyo linapita juu ya jiwe ambalo difu kubwa lingeligonga. Breki zinapungua, tangi linapungua, tairi linakuwa jembamba. Kila kilo inayotoka inaondoka na nyingine. Anayezijua barabara za masika anajua pia upande wa pili wa hesabu: gari la tani mbili na nusu lina nguvu za kujitoa kwenye tope, lakini lina uzito wa kujizika humo kwanza. Jimny likizama, vijana wanne na ubao mmoja wanalitoa.

Ufundi wenyewe uko chini. Lala chini ya Samurai, jina jingine la Jimny za miaka ya themanini, zile ambazo Wakenya wengi walizifahamu kupitia toleo la India, Maruti Gypsy. Utaona chesisi ya reli mbili imepita mbele hadi nyuma, na bodi imekalishwa juu yake kama kitu kinachoweza kuvuliwa. Kila pembe ina springi za mabamba, vyuma virefu vilivyolazwa kimoja juu ya kingine, ambavyo fundi wa kijiweni akivunjikiwa na kimoja anajua pa kukichukua kingine. Katikati, mbali na giaboksi, inaning'inia transfa, sanduku dogo la gia lililoshikiliwa na raba. Propela fupi inaleta nguvu kutoka kwenye giaboksi, kisha propela mbili zinatoka, moja mbele na moja nyuma. Zote mbili zinatokea ubavu mmoja, ndiyo maana difu zote mbili zimekaa upande huohuo na si katikati. Dereva mzoefu analijua hilo hata kama hajawahi kulichungulia, kwani anajua jiwe lipite upande gani wa gari.

Ekseli zake ni ngumu, mbele na nyuma: mti mmoja wa chuma kutoka gurudumu hadi gurudumu. Kwenye lami huu ni ushamba. Gurudumu moja likigonga shimo, la pili linapata habari na abiria wanatikisika wote. Porini mambo yanageuka. Gurudumu la kushoto likipandishwa na gogo, ekseli inainama na kulikandamiza la kulia chini, likaendelea kushika ardhi. Na kwa kuwa difu liko ndani ya ekseli yenyewe, nafasi kati yake na ardhi haibadiliki gari likipakiwa mzigo au likiruka. Kwenye gari ambalo kila gurudumu lina mkono wake, bodi ikididimia tumbo linashuka nayo, na linashuka pale pale unapotaka libaki juu.

Halafu kuna ile gia nzito. Ukivuta wenzo mdogo, transfa inapunguza mwendo wa magurudumu na kuongeza nguvu ya kuzungusha kwa kiasi hichohicho. Injini ndogo inapata mabavu isiyozaliwa nayo, nawe unapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, bila kuunguza klachi. Mfumo wake hauna difu la katikati, ndiyo maana ukifunga foo-wili kwenye lami kavu na kukata kona gari linakakamaa kana kwamba breki zimeshika. Wengine huita hiyo kasoro. Kwangu ni bei iliyokubaliwa mezani: kifaa kimoja ghali kilitolewa, na dereva akaachiwa kazi ya kukumbuka.

Katikati ya miaka ya tisini springi za mabamba zikaacha nafasi kwa koili, na mashabiki wakalalamika kwamba Jimny limelainika. Baadaye, mwaka 2018, mhandisi mkuu Hiroyuki Yonezawa na wenzake wakatoa kizazi cha nne, na hapo ndipo panaponifurahisha zaidi, maana walikuwa na kila kisingizio cha kulegea. Soko lilitaka magari ya mviringo yenye sura ya porini na tabia ya mjini. Wao wakabakiza chesisi, wakaiongezea nguvu katikati kwa chuma cha umbo la X, wakabakiza ekseli ngumu, na wenzo wa transfa, ambao kizazi kilichotangulia kilikuwa kimeugeuza kitufe, wakaurudisha kuwa wenzo wa kuvuta kwa mkono.

Tazama boneti yake. Ni bapa, na pembe zake ni kali, ili dereva aliyeketi azione na ajue gari linaishia wapi. Ukingo wa dirisha la mlango wa mbele umeshushwa ili uweze kuangalia chini, lilipo tairi. Ncha za bampa zimekatwa kuelekea juu, nalo gari linakabili mwinuko wa digrii 37 mbele na kutoka kwenye mteremko wa digrii 49 nyuma bila kukwaruza. Ukingoni mwa paa kuna mfereji mdogo wa maji, kitu ambacho magari ya leo yamekifuta kwa ajili ya urembo. Ukifungua mlango mvua ikinyesha, maji hayakumwagikii shingoni; na siku ukitaka kufunga keria, una pa kuishikizia. Mtu aliyekaa akafikiria shingo ya mtu anayeshuka garini kwenye mvua anastahili heshima kidogo.

Wembamba, ufupi na urefu wa kwenda juu vina gharama yake. Mwaka 1988 jarida la Marekani la Consumer Reports liliitangaza Samurai kuwa gari lisilokubalika, likidai linaweza kupinduka likikatwa usukani ghafla. Suzuki ilikwenda mahakamani mwaka 1996, na kesi ikaisha kwa maelewano mwaka 2004. Hata tukiacha kesi, fizikia haina wakili: kilicho kirefu na chembamba kinayumba. Toleo la 2018 nalo lilipata nyota tatu tu kati ya tano katika majaribio ya usalama ya Euro NCAP. Upande mwingine wa mizani kuna mlima Ojos del Salado mpakani mwa Chile na Argentina, ambako mwaka 2007 Samurai iliyofanyiwa marekebisho ilifika mita 6,688 juu ya usawa wa bahari, rekodi ya dunia ya magari kwa wakati huo. Kilele cha Kilimanjaro kiko mita 5,895.

Afrika Mashariki nayo imewahi kujibu swali hilihili la nini kitolewe. Mobius, kampuni iliyoanzishwa Kenya na Mwingereza Joel Jackson, ilichora gari la fremu ya mabomba ya chuma, lililoinuka juu, likiwa limevuliwa mapambo. Walichokitoa wao ni kile ambacho Ono alikishikilia: nguvu ya magurudumu ya mbele. Mobius II ilivutwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Si uamuzi wa kipuuzi. Kwenye barabara nyingi za vumbi na makorongo kinachokwamisha gari ni tumbo kugusa chini, na kuliinua gari ni nafuu kuliko kulinunulia transfa na difu la pili. Ila utelezi wa udongo mwekundu hauliangalii tumbo. Mwaka 2024 kampuni ilitangaza kufunga, kisha ikapata mnunuzi.

Nikikaa kuchora gari la kwangu, bodi hainisumbui. Bati bapa linalokunjwa kwa mashine ya kawaida, vioo bapa vinavyokatwa katika mji wowote, hakuna skrini, hakuna rimu za kung'aa, madirisha ya kuzungusha kwa mkono. Nyuma ningerudisha mabamba na mbele ningeacha koili. Kinachonikwamisha ni bei. Difu dogo lenye nguvu linakuwa nafuu pale tu linapotengenezwa kwa malaki, na Suzuki hadi 2018 ilikuwa imeuza Jimny zipatazo milioni 2.85. Mgeni hawezi kuifikia hesabu hiyo. Itabidi afanye alivyofanya Ono na injini ya Mitsubishi: anunue vilivyopo, kisha achore gari kuvizunguka. Ekseli ya nyuma si taabu. Pikapu na Hiace zina ekseli ngumu na vipuri vimejaa hadi maduka ya wilayani. Ya mbele ndiyo adimu, kwa sababu magari mengi ya sasa yameiacha. Nitakayoipata ndiyo itakayoamua upana wa gari, na upana ndio utakaoamua wangapi wanakaa mbele. Kwa vipimo nilivyo navyo kichwani, ni wawili, na wa tatu awe mtoto.