Ngoja Kwanza

Ardhi ya Luano ni nyekundu, na mwezi wa Julai asubuhi za Lubumbashi zina baridi ya kuuma vidole. Kwenye kiwanja cha vumbi, karibu na uwanja wa ndege, nilimkuta mshambuliaji mstaafu akifundisha watoto kufunga. Milingoti ilikuwa miti ya mkalitusi. Nyavu hakuna.

Alipiga goti nyuma ya mtoto wa miaka kama kumi, akamshika kisigino, akakigeuza nje kidogo, kisha akamkataza kupiga.

"Ngoja kwanza. Mutazame kipa. Akiegemea huku, kule ni kwako."

"Lakini Papa, goli nimeliona."

"Goli halihami. Kipa ndiye anayehama."

Nimeshinda na maneno hayo tangu siku ile. Mfungaji hodari hafikirii. Mguu wake umekwisha kuamua kabla yeye mwenyewe hajajua. Sasa mzee huyu anakirudia kile kitendo cha kufumba na kufumbua, anakifumua kama fundi cherehani afumuavyo mshono, ili mtoto aone uzi ulipopita. Kwangu hiyo ni kazi ngumu kuliko kufunga.

Jiji hili linamjua mfungaji. Tarehe 21 Januari 1968, mjini Addis Ababa, Pierre Kalala wa Tout Puissant Englebert, ndiyo Mazembe ya leo, alifunga goli pekee la fainali dhidi ya Ghana, na Kongo ikatwaa Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza. Ghana hiyo ilikuwa bingwa wa 1963 na 1965. Katika mashindano ya 1968 Englebert ikautetea ubingwa wa klabu za Afrika ilioutwaa 1967, jambo ambalo klabu yoyote ilikuwa haijaliweza. Baadaye Kalala akawa kocha, akafika hadi timu ya taifa.

Goli lile linasimuliwa mpaka leo. Mimi humuwazia zaidi akiwa benchi: mpira unaingia ndani ya kisanduku, mwili wake mzima unajua la kufanya, na mguu utakaopiga ni wa mtu mwingine. Kukaa pale na kuuamini mguu huo kunataka moyo mpana, na moyo huo hauandikwi kwenye orodha yoyote ya wafungaji.

Pale Luano mtoto alirudia mara ya saba, ya nane. Kila mara aliharakisha, na kila mara mzee alichechemea kuufuata mpira mwenyewe, akaurudisha mguuni pake bila kugomba.

Ndipo ndege ikapaa, chini chini, kwa kishindo. Watoto wote wakainua vichwa, na kipa naye akaangalia juu. Yule mwenye mpira peke yake alikuwa akimtazama kipa. Akausukuma polepole kwa ndani ya mguu, ukabingirika hadi kuuvuka mstari uliochorwa kwa kijiti.

"Muzuri," mzee alisema, akaenda kuuokota.