Kushika Tope na Kufunikwa na Tope

Kiingereza kimelitwaa jina la keki kikalifanya kitenzi, na kwa kitenzi hicho kimoja husemwa viatu vyenye tope kavu, na nguo yenye damu iliyoganda, na uso uliokaukiwa na vumbi na jasho. Mfasiri wa Kiswahili akikutana nacho, aghalabu huandika "iliyofunikwa na matope makavu", akapita. Sarufi yake haina kosa, lakini maana imepotea. Kilichofunikwa hufunuliwa kwa kuinua kifuniko. Tope lililoganda haliinuliki, sharti likwanguliwe.

Mji wa Same wafaa sana kwa kulipima jambo hili. Umekaa tambarare, upande ambao Milima ya Pare huuzuilia mvua. Udongo wake mwekundu ni vumbi wakati wa kiangazi, na masika huwa tope. Gari lililoteremka milimani baada ya mvua, likakaukia juani, msemaji wa Kiswahili atasema limeshika tope, kama vile chuma kishikavyo kutu, sufuria masizi, na meno ukoga. Kitenzi kushika hukitanguliza kitu kilichochafuka, tena hukipa kazi. Kuganda huutanguliza uchafu wenyewe: tope limeganda magurudumuni. Mwandishi anazo njia mbili, na kwa kuchagua mojawapo huamua habari ni ya gari au ya tope. "Kufunikwa na" huzifuta zote mbili.

Tena Kiswahili hupenda kukitaja kila kitu kwa jina lake. Kigaga ni cha kidonda, nongo ni za mwili, tongo ni za macho. Ukoko ni wa chungu, na hapa yahitajiwa hadhari, maana ukoko wa wali si uchafu, watoto huugombea. Mwandishi asemaye "ukoko wa matope" kwa habari ya ndiva iliyokauka, yaani lile bwawa la Wapare lijazwalo usiku ili maji yafunguliwe asubuhi kwenda mashambani, ametia hamu ya kula mahali pasipo chakula. "Tope lililoganda likapasuka" lingetosha kabisa.

Mfano mzito zaidi uko Ugweno, Pare ya Kaskazini, nchi ya wahunzi wa ukoo wa Washana, ambao Isaria Kimambo aliwaeleza katika historia yake ya kisiasa ya Wapare iliyochapishwa mwaka 1969. Taka ya chuma iliyoyeyuka, ikaganda tanurini, inalo jina la Kiswahili: mavi ya chuma. Mfasiri mwenye haya ataandika "mabaki magumu ya uyeyushaji", na msomaji asijue kama ni jivu, au makaa, au chuma chenyewe. Jina la zamani halina tusi ndani yake. Laonyesha kitu kilikotoka, na kwamba chuma hakikihitaji tena.