Fahali Wanapigana, Ngoma Imezimwa

Kila Desemba, kuanzia asubuhi ya tarehe 26, simu yangu hujaa fahali. Unazijua vidio hizo: fahali wawili wamefungana pembe, vumbi, umati unakimbia huku na huku, msee mmoja anaanguka mtaroni, watu wanacheka. Sekunde 40 hivi. Sauti ya uwanjani imezimwa na juu yake umebandikwa muziki wa kilabu. Nimezitazama miaka mingi nikiwa Nairobi, nikijivuna ati hao ni watu wangu. Desemba iliyopita nikalipa nauli ya msimu, ile inayomfanya mtu ahesabu pesa mara mbili, nikaenda ushago karibu na Khayega, Kakamega, nijionee. Nimerudi na malalamiko kuhusu vidio hizo, na mengine yananihusu mimi.

Baba mdogo alinigongea mlango saa kumi alfajiri. Nikamwuliza mbona mapema hivyo, si pigano ni saa mbili? Akanijibu kwamba nikisubiri saa mbili nitakuta yameisha. Nilidhani anatania.

Fahali wa kupigana hafugwi kama ng'ombe wa jembe. Hutengwa na wenzake, hulishwa vizuri, na hupewa jina. Wengi hubeba majina ya wanasiasa na wachezaji wa mpira. Wa jirani yetu anaitwa Nauli kwa sababu, baba mdogo alinieleza bila kutabasamu, hupanda Desemba.

Nauli hakupelekwa uwanjani kimyakimya. Alitolewa bomani kwa ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe ya swara, njuga za chuma na firimbi. Mwimbaji mmoja anarusha mstari, umati unaitikia, na wote wanakwenda mchakamchaka kwenye umande, matawi mikononi. Hiyo ndiyo isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho. Nilikuwa nimeisikia kwenye harusi na kwenye sherehe za kitaifa pale Nairobi, nikaiweka kwenye kabati la "ngoma za kitamaduni" na kufunga mlango. Sikuwahi kuisikia ikitembea.

Ikitembea inakuwa kitu kingine. Kila boma tulilopita, wimbo ulibadilika. Mwimbaji alitazama nani amesimama langoni akamwingiza humo papo hapo. Huyu alitoa mahindi ya kumlisha Nauli, yule aliahidi akasahau, mama fulani ana mtoto aliyerudi kutoka mjini mikono mitupu. Watu walitajwa, wakacheka, wengine wakajificha nyuma ya ua, halafu wakatoka wakajiunga na msafara. Kufikia barabara kuu tulikuwa umati. Hayo yote niliyapata kwa kuwauliza majirani njiani, maana mimi sijui Luisukha. Baba alitulea kwa Kiswahili, Eastlands, na hakuna aliyeona ni tatizo.

Basi hoja yangu ni hii. Tunasema isukuti ni muziki wa kusindikiza pigano la fahali. Naona tumeigeuza kichwa chini. Kazi yenyewe ni ule mwendo wa alfajiri, wenye wahusika, dhihaka, madeni na sifa. Pigano ni ukurasa wake wa mwisho. Anayerekodi pembe tu, kisha akaifuta ngoma, ametusomea ukurasa wa mwisho na kuuita kitabu.

Na ukurasa wenyewe ulikuwa mfupi kwelikweli. Fahali wawili walisukumana, wakapumzika wameegemeana vipaji vya nyuso kama wazee waliochoka, wakasukumana tena. Anayegeuza mgongo akakimbia ameshindwa. Nauli aligeuka. Kwa mara ya kwanza katika historia ya Kenya, alisema kijana mmoja kando yangu, nauli imeshuka kabla ya Januari. Nilicheka, halafu nikaona jeraha shingoni mwa Nauli, na kicheko kikakwama. Kuna hoja nzito dhidi ya mchezo huu kwa upande wa mnyama, na sikutoka pale nikiwa na jibu.

Kando ya uwanja sikukuu ilikuwa imechacha: muwa, mahindi ya kuchoma, mandazi, puto, mpiga picha aliyekuja na kitambaa cha maua cha kuweka nyuma ya watoto. Hapo sina ugomvi. Ugomvi wangu uko jukwaani. Baada ya mapigano zilikuja hotuba, na kati ya hotuba, isukuti. Kikundi kilivaa sare, kilicheza vizuri, na mtangazaji akakiambia kifupishe. Lakini lililoniuma zaidi ya saa ni maneno. Jirani aliyenitafsiria alinyamaza haraka. "Anamsifu mgeni wa heshima," akasema, "basi." Wimbo uliokuwa ukimtania kila mtu njiani, tajiri na maskini, sasa unamsifu mtu mmoja mwenye kipaza sauti chake.

Mwaka 2014 UNESCO iliiweka isukuti kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Sababu zilizotajwa ni pamoja na wasanii kuzeeka na watazamaji kupenda burudani za kisasa. Sawa. Ila mimi niliona ngoma ikiwa na afya kabisa saa kumi na moja alfajiri, na mahututi saa tano jukwaani, siku hiyohiyo. Anayetaka kuilinda aanzie kwenye ile njia ya umande.

Mchana tulipanda boda hadi Ilesi kuona lile jiwe linalolia, Ikhongamurwi. Ni nguzo ya mwamba yenye urefu wa mita 40 hivi, na bonge la jiwe juu yake kama kichwa. Mfereji umeshuka katikati, na maji hupitia humo kama machozi. Siku hiyo palikuwa na unyevu tu. Vijana wa pale walitupa hadithi mbili tofauti kwa dakika kumi, na katika zote anayelia ni mwanamke aliyeonewa na watu wake. Nikauliza mbona asiwe mwanamume hata mara moja. Wakanitazama kama mtu aliyeuliza bei ya hewa. Msitu wa Kakamega tuliuacha. Mvua ilikuwa imeanza kujikusanya, na kusema kweli nilikuwa na jambo lingine kichwani.

Asubuhi, tukiwa karibu na barabara kuu, mwimbaji alinielekezea fimbo akaimba mistari miwili. Umati ulivunjika mbavu. Nami nikacheka kwa sauti, simu juu, nikirekodi. Nilikuwa nimepanga kuiweka mtandaoni na muziki wangu juu, kama kila mtu, ila mtandao uligoma. Ndiyo maana sauti ilibaki.

Pale chini ya jiwe nikamchezea baba mdogo. Akasikiliza ameinamisha kichwa.

"Anasema, mtoto wa kaka yangu amekuja, ana simu nzuri, lakini mdomo wake aliusahau stendi ya basi."

"Na mstari wa pili?"

Alicheka hadi akashika goti. "Huo hauna Kiswahili."

"Jaribu tu, baba."

"Nikijaribu nitauharibu. Muulize kukhu, kama utathubutu."

Nikaicheza tena njiani kurudi, mara tatu, sikio likiwa kwenye simu kwa sababu ya upepo. Kila baada ya mistari miwili umati huitikia, na ni neno moja tu, fupi, lilelile. Unaona midomo yote inafunguka pamoja, kisha kamera inatikisika, kwa sababu mimi nacheka. Nimemwomba baba mdogo anianzishie na neno hilo.