Mwezi Katika Picha za Mbuga

Picha nyingi za mbuga zinazochorwa nchini mwetu ili ziuzwe kwa watalii huwa na mwezi mpevu: duara jeupe juu ya mgunga, na simba chini yake. Humo mwezi umefanywa kuwa ishara ya utisho wa pori. Lakini kwa wakulima wa Kilosa, ambao baadhi ya vijiji vyao vinapakana na Hifadhi ya Mikumi iliyoanzishwa mwaka 1964, mbalamwezi ni mlinzi mwenza wa shamba. Hatari huja baadaye, mwezi uanzapo kupungua na kuchelewa kuchomoza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kuhusu simba wa kusini mwa Tanzania ulionyesha kuwa watu walishambuliwa zaidi katika siku hizo, jioni zikiwa na giza.

Hatumtaki mchoraji auache mwezi. Twasema tu kwamba ishara iliyotengwa na maisha ya watu hubaki pambo. Basi na auchore pia usiku unaofuata: mivumo, ambayo ndiyo mikumi iliyoipa hifadhi jina, imesimama gizani, dungu kando ya shamba, moto unawaka, na mtu yu macho, aungoja mwezi. Hapo mbuga itakuwa na wenyewe.