Pongezi kwa Fundi wa Spoku

Ukibeba mizigo kwa baiskeli unaujua ule mlio wa "tang!" wa spoku ikikatika kwenye gurudumu la nyuma, na unajua likilia leo, wiki ijayo litalia tena. Wengi wetu hununua spoku moja, tukachomeka, tukaondoka. Fundi wangu wa chini ya mwarobaini hakubali hivyo.

Kwanza anakiangalia kipande kilichokatika. Kimekatikia kwenye kona, pale spoku inapoingia kwenye habu? Basi usilisingizie gunia la mkaa peke yake, spoku zimelegea. Gurudumu likizunguka, iliyo chini inalegea, ikipanda inavutika tena, na chuma kinachoka kama waya unaoukunja na kuukunjua. Moja ikienda, jirani zake wanabeba kazi yake, nao wanafuata.

Anapindua baiskeli, anazipiga kwa ukucha mojamoja, zote 40, kama mtu anayetia sauti nyuzi za gambusi. Yenye sauti nzito anaikaza robo mzunguko, si zaidi, kisha anazungusha gurudumu akitazama ringi inavyocheza kati ya breki. Mashine hana. Ana spana ndogo na sikio.

Siku moja aliniambia za upande wa gia zimechoka zote, nibadilishe seti nzima. Nikaona ananitafutia hela, nikakataa. Mwezi huo zilikatika tatu.

Nilirudi kwa aibu, akanisuka gurudumu upya bila kunisimanga. Tangu masika yaliyopita sijasikia tena ule mlio.