Usukani Ndio Shabaha

Gemu ya magari inamtaka mchezaji aangalie barabara. Gemu ya risasi inamtaka amwangalie adui. Ukizichanganya kiholela unapata dereva anayebamiza kuta huku akitafuta wa kumpiga. Twisted Metal 2, iliyotoka 1996 kwenye PlayStation ya kwanza, iliukwepa mtego huo kwa akili ambayo gemu nyingi zilizoifuata hazikuwa nayo.

Walioitengeneza, SingleTrac wa Salt Lake City, walianzishwa na wahandisi waliotoka Evans & Sutherland, kampuni ya mitambo ya kufundishia marubani. Ujuzi huo unaonekana. Bunduki imefungwa mbele ya gari, hivyo hakuna alama ya kulengea unayopaswa kuisogeza pembeni: ukikata kona, umeshalenga. Kisha njoo kwenye makombora. Lile linalomfukuza adui lenyewe lina madhara madogo. Lile zito linakwenda moja kwa moja, halimtafuti mtu. Anayejua kuendesha ndiye anayefaidi silaha kali.

Kuna pia ujanja wa kumgandisha mwenzako: kushoto, kulia, juu, harakaharaka. Pedi za PlayStation za wakati ule hazikuwa na vijiti vya kuelekezea, kwa hiyo kidole gumba kinachoshika usukani ndicho hichohicho kinachobonyeza. Unapoandaa shambulizi, gari lako linayumba, na mwenye jicho kali anakuona.

Uamuzi mkubwa zaidi ulikuwa kuufuta mstari wa kumalizia. Kwenye mbio, anayeongoza hana wa kumpiga mbele yake. Super Mario Kart ya 1992 ilitibu hilo kwa kuwapa walio nyuma silaha bora. Dawa inafanya kazi, ila kwangu ni kumtoza faini aliyeendesha vizuri. Twisted Metal 2 inakufungia ndani ya uwanja, na uwanja wenyewe una siri. Pale Paris unalipua Mnara wa Eiffel, unaanguka, unakuwa daraja la kupandia mapaa.

Hapo ndipo naifikiria Kariakoo ya Dar es Salaam kama uwanja wa gemu ya aina hii. Mitaa inakatana kwa pembe za mraba, kwa hiyo kila baada ya nyumba chache kuna kona ya kumpotezea mtu: Msimbazi ni pana, ya kukimbilia, Kongo imebanwa na meza za machinga. Katikati lipo soko lililosanifiwa na msanifu majengo Beda Amuli, lililofunguliwa 1975, lenye ghorofa chini ya ardhi. Mchora ramani wa gemu asingeomba zaidi.

Lakini kwenye vibanda vya gemu vya mjini hapa, soka ndiyo inayotawala, na sababu si mapenzi ya Simba na Yanga peke yake. Mwenye kibanda anauza muda. Mechi ya soka anaipangia dakika, zikiisha, pedi inapokewa na anayesubiri kwenye benchi. Pambano la magari linaisha gari moja likifa, na wachezaji wawili waoga wanaweza kukimbizana hadi foleni ianze kupiga kelele. Isitoshe, skrini ikigawanywa sehemu mbili, kila mmoja anachungulia maficho ya mwenzake, kwa hiyo kuvizia hakupo. Waliobuni silaha zile kwa uangalifu wote huo walihitaji kuongeza kitu kimoja tu, saa ya kuhesabu kushuka.