Gofu kutoka Panda: gharama halisi iko wapi?

Kijana wa Panda, mjini Likasi, anayetaka kujifunza gofu huanza kwa kuuliza bei ya fimbo. Ni swali la haki, lakini kwa uzito linakuja mwisho. Fimbo hununuliwa mara moja, na za mitumba hudumu miaka mingi. Kinachomaliza mfuko ni vitu vinavyolipiwa kila wiki: nauli, ada ya uwanja, mipira inayopotelea vichakani, na saa za kocha.

Tuanze na nauli. Uwanja maarufu wa Haut-Katanga uko Lubumbashi, kwenye mtaa unaoitwa Golf. Kutoka Likasi hadi huko ni kama kilomita 120 kwa Barabara ya Taifa namba 1. Anayekwenda na kurudi mara mbili kwa wiki amesafiri kilomita 480, na kwa mwezi anakaribia 2,000. Kwa hiyo hata akipata kocha wa kumfundisha bure, bado somo lina bei, na bei hiyo anaikusanya dereva.

Ada ya uwanja nayo ina historia yake. Katika ukanda wa shaba, mzigo wa nyasi, maji na watunzaji ulibebwa na migodi. Ng'ambo ya mpaka, upande wa Zambia, klabu za Nchanga mjini Chingola na Nkana mjini Kitwe zina majina ya migodi iliyozilea. Huku kwetu Kongo, kampuni ya migodi ya Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, iliwapangia wafanyakazi wake karibu kila kitu, kuanzia nyumba na hospitali hadi shule na michezo. Kampuni ya Gécamines iliyorithi mali yake ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Mgodi wake wa Kamoto ukaporomoka mwaka 1990, na ndani ya miaka michache uzalishaji ulikuwa chini ya tani 50,000. Kampuni inayochelewesha mishahara haina maji ya kumwagilia nyasi za mchezo. Panapokosekana mgodi wa kulipa, bili ya uwanja humwangukia anayecheza.

Sasa tuuchambue mchezo wenyewe, kwa sababu si kila pigo lina gharama sawa kulifanyia mazoezi. Uwanja wa kawaida wa mashimo 18 hupangiwa mapigo 72, na hesabu hiyo humpa mchezaji mapigo mawili ya kusukuma mpira kwenye kila grini, yaani nyasi fupi zinazozunguka shimo. Hayo ni 36, nusu kamili ya mchezo. Wachezaji wa kulipwa huyapunguza hadi kama 29. Zoezi la kusukuma halihitaji ekari wala nauli. Shimo la gofu lina upana wa milimita 108, na kopo la maziwa ya unga la gramu 400 linakaribia kipimo hicho. Ua uliofagiliwa vizuri wakati wa kiangazi hutosha: lengo ni mwelekeo ulionyooka na nguvu iliyopimwa, na vyote viwili hujifunzwa kwa mita tatu za ardhi ngumu.

Hapo ndipo wengi hukosea hesabu, wakidhani nusu ya mapigo ni nusu ya ustadi. Mark Broadie, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, alichambua mamilioni ya mapigo ya mashindano ya Marekani na kuyaeleza katika kitabu alichotoa mwaka 2014. Aligundua kwamba ubora unaowatenga wachezaji bora na wenzao hutoka kwenye kusukuma kwa asilimia 15 tu. Asilimia 40 hutoka kwenye mapigo ya kuilenga grini kutoka mbali, 28 kwenye pigo la kwanza, na 17 kwenye mapigo mafupi ya kuizunguka grini. Kwa maneno mengine, ua wa nyumbani unampunguzia anayeanza mapigo mengi ya ovyo, lakini kinachomtoa kwenye kundi ni mapigo yanayohitaji nafasi kubwa na mipira mingi.

Wasio na fedha waliipataje nafasi hiyo? Severiano Ballesteros alikulia Pedreña, kaskazini mwa Hispania, akipiga mipira ufukweni kwa fimbo moja kuukuu ya chuma namba 3. Sheria inaruhusu fimbo 14. Yeye kwa moja alilazimika kuinua mpira, kuuteremsha na kuupinda kwa kubadilisha mkono na mwili. Mwaka 1979 alishinda mashindano ya The Open akiwa na miaka 22. Ufukwe ulimpa nafasi bila ada. Klabu jirani nayo ilimpa kazi ya kubeba mikoba ya fimbo za wachezaji, na kazi hiyo ilimpa macho: kutwa nzima anaangalia wanavyopiga wanaojua.

Papwa Sewgolum wa Durban alipita njia hiyo hiyo. Alikuwa mbeba mikoba, hakufundishwa na mtu, na alishika fimbo mkono wa kushoto ukiwa chini ya wa kulia, kinyume na kila kocha. Alishinda mashindano ya wazi ya Uholanzi mwaka 1959, na mwaka 1965 akamshinda bingwa Gary Player huko Natal. Mbeba mikoba hulipwa kwa saa zile zile ambazo mwanafunzi wa kocha anazilipia.

Njia hii ina kikomo chake. Madalitso Muthiya, Mzambia wa kwanza kucheza mashindano ya US Open, mwaka 2006, alipita kwanza Chuo Kikuu cha New Mexico kwa ufadhili wa michezo. Kuanzia ngazi fulani lazima kuwe na anayelipa, awe mgodi, chuo au mzazi.

Kwa Panda, basi, mpangilio wa matumizi uwe huu. Miezi ya kwanza, fimbo ya kusukumia na chuma namba 9, vyote vya mitumba, ua wa nyumbani kila siku. Kisha uwanja wa mpira alfajiri kabla watoto hawajafika: urefu wake wa mita 100 unatosha mapigo ya nusu, ilimradi utumie mipira laini ya plastiki, maana ule halisi wa karibu gramu 46 humvunja mtu jino. Safari ya Lubumbashi iwe mara moja kwa mwezi, na siku hiyo kocha alipwe aangalie mapigo ya mbali tu. Bora zaidi, vijana wanne wachangie nauli na saa moja ya kocha, kila mmoja akitazama makosa ya mwenzake. Anayeweza kukaa kwa ndugu Lubumbashi aombe kubeba mikoba, na aulize kama kuna siku ambayo wabebaji huruhusiwa kucheza; klabu nyingi duniani huwapa Jumatatu.

Kwa mpango huo, kilomita 2,000 za mwezi zinashuka hadi 240, na fedha iliyobaki inunue mipira.